Baba na Daftari la Geti

Basi la Iringa likishatoka Morogoro na kuipita Doma, linaingia Hifadhi ya Mikumi na kuikata katikati kwa takriban kilomita 50. Dereva anapunguza mwendo kwenye matuta, abiria wa dirishani anamgusa aliyesinzia: twiga wale, nyati wale, nyani wamekaa kwenye lami kama wenye barabara yao. Watu wa Mikumi, na wa huku chini Kidodi na Ruaha, wamekua na wanyama hao kama majirani. Wana elimu yao isiyoandikwa. Wanajua fisi anavunja mfupa uliomshinda simba. Wanajua tai wakizunguka juu kuna kitu chini. Na wanajua jambo ambalo hata mtoto hahitaji kufundishwa: mnyama si kwamba anaogopa moto tu, hata kuuwasha hajui.

Elimu hiyo ndogo ingetosha kumaliza ubishi mkubwa uliozuka Kenya mwaka 1988, juu ya majivu yaliyokutwa katika Hifadhi ya Maasai Mara, hatua chache kutoka mpaka wetu. Haikutosha. Ilibidi baba mmoja apande ndege zaidi ya mara mia moja.

Baba huyo ni John Ward, Mwingereza mwenye biashara ya hoteli. Binti yake, Julie, alikuwa na miaka 28, mkazi wa Bury St Edmunds katika jimbo la Suffolk, mfanyakazi wa kampuni ya uchapishaji aliyependa kupiga picha wanyama. Mapema mwaka 1988 aliacha kazi, akavuka Afrika kwa njia ya nchi kavu pamoja na wasafiri wenzake, akafika Kenya na kukaa miezi kadhaa. Mwanzoni mwa Septemba, zikiwa zimebaki siku chache arudi kwao, alikwenda Mara kuwaona nyumbu wakivuka. Alikwenda na rafiki yake wa Australia, kwa gari dogo aina ya Suzuki.

Gari likaharibika. Rafiki akapanda ndege kurudi Nairobi, Julie akabaki katika hoteli ya Mara Serena kusubiri fundi. Tarehe 6 Septemba gari lilitengemaa, akaendesha peke yake hadi kambi ya Sand River kuchukua mahema waliyoyaacha huko. Alasiri hiyo akaondoka kambini. Hakuonekana tena akiwa hai na mtu yeyote aliyekuwa tayari kusema.

Sand River, mto wa mchanga, uko pembeni kabisa mwa Mara; ng'ambo yake ni Serengeti. Zamani watalii walivuka hapo wakiingia Tanzania kwa geti la Bologonja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa, na hata ulipofunguliwa tena mwaka 1983, njia ile haikurudishiwa watalii. Kwa hiyo mwaka 1988 Sand River palikuwa mwisho wa barabara. Mgeni akifika pale hugeuza. Ndiyo maana swali la nani alimwona binti yule akitoka, na saa ngapi, lilikuwa na uzito: geti moja, karani mmoja, daftari moja.

Simu ilimfikia John Ward nyumbani kwake kwamba binti haonekani. Hakungoja barua ya ubalozi. Alikwea ndege hadi Nairobi, akakodi ndege ndogo na kuzipangia maeneo ya kupekua. Tarehe 13 Septemba, wiki nzima tangu Julie apotee, rubani mmoja aliliona gari: limenasa korongoni, mbali na barabara ya kurudia Nairobi, na juu ya paa herufi za SOS zimeandikwa kwa tope. Siku hiyo hiyo, kilomita kadhaa kutoka hapo, chini ya mti, yakapatikana majivu ya moto. Katika majivu hayo na kando yake vilikuwepo vitu vya Julie vilivyoungua, kipande cha taya, na sehemu ya chini ya mguu wa kushoto.

Baba alifika mahali hapo. Nimesoma habari za kesi hii kwa miaka, na bado sipiti haraka kwenye sentensi hiyo.

Maelezo ya wakubwa yalitoka upesi: ameliwa na simba. Baadaye ikatajwa hata radi. Jeshi la Polisi, chini ya Kamishna Philip Kilonzo, halikutaka kulisikia neno mauaji. Ili kuelewa kwa nini, ni lazima mtu aikumbuke Kenya ya miaka hiyo. Utalii ulikuwa umeipiku kahawa kwa kuingiza fedha za kigeni, na Mara ndiyo ilikuwa picha yake kwenye mabango ya Ulaya. Mtalii aliyeliwa na simba ni ajali ya kusikitisha. Mtalii aliyeuawa na binadamu ndani ya hifadhi, mahali ambapo binadamu wengi wenye silaha ni watumishi wa hifadhi hiyo, ni habari nyingine kabisa.

Na simba alikuwa ameshasingiziwa kabla. Tarehe 3 Januari 1980, Joy Adamson, mama aliyejulikana dunia nzima kwa kumlea simba jike Elsa, alikutwa amekufa karibu na kambi yake huko Shaba, kaskazini mwa Kenya. Taarifa ya kwanza iliyotangazwa ilisema ameuawa na simba. Madaktari walipoangalia majeraha wakaona ni ya silaha yenye ncha kali, na kijana aliyewahi kumfanyia kazi akatiwa hatiani. Kwa hiyo wanausalama wa Kenya hawakuwa wageni wa fundisho hili. Walikuwa wamelipata miaka minane nyuma.

Mabaki ya Julie yalichunguzwa Nairobi na daktari wa polisi, Adel Shaker, raia wa Misri. Aliona alichokiona, akaandika: mguu umekatwa kwa kitu chenye makali. Taarifa yake ikapanda ngazi hadi kwa mkuu wake, Dk. Jason Kaviti, mtaalamu mkuu wa serikali wa uchunguzi wa maiti. Iliposhuka, maneno yalikuwa yamebadilika. Palipokuwa na makali hapakuwa na makali tena. Mfupa uliokatwa sasa ulikuwa umevunjika na kuraruliwa. Alipoulizwa baadaye, Kaviti alieleza kwamba alikuwa anasahihisha Kiingereza cha mwenzake.

Hapo ndipo John Ward, nadhani, alipogeuka kutoka mzazi anayetafuta mwili na kuwa mpelelezi. Wengi wanaosimulia habari zake humpamba kama kachero wa sinema. Mimi namwona kama mwenye hoteli. Mtu aliyeishi na mapokezi, funguo za vyumba na stakabadhi hana haja ya kusomea upelelezi ili aulize: mgeni aliingia saa ngapi, alitoka saa ngapi, nani alikuwa zamu, saini iko wapi? Aliyauliza maswali hayo hayo Nairobi na Mara, na akayarudia kwa ukaidi wa mtu anayefunga hesabu za mwezi na kukuta zimepungua.

Suala la mguu alilimaliza kwa kupata jicho la pili. Profesa Austin Gresham wa Cambridge, mtaalamu aliyeheshimika wa uchunguzi wa maiti, aliona kile alichokiona Shaker: kukatwa kwa chombo chenye makali. Tena kulikuwa na moto. Ward aliendelea kuuliza nani aliuwasha, na swali hilo halikupata jibu kutoka ofisi yoyote.

Kisha akaliendea daftari la geti. Kila mgeni aliyetoka Sand River aliandikwa, naye alitia saini. Jina la Julie lilikuwamo na saini ilikuwamo. Baba aliitazama akaona si ya mwanawe, na wataalamu wa mwandiko wakakubaliana naye. Msomaji aliyewahi kufanya kazi getini anaweza kusema hilo si ajabu: mgeni ana haraka, karani anamsainia, maisha yanaendelea. Inawezekana. Lakini mwenye hoteli anajua kwamba daftari la wageni lina kazi moja tu, nayo ni kusema kweli siku ambayo mgeni hayupo kujisemea.

Kwa msukumo wake, uchunguzi wa kifo ulifunguliwa mahakamani Nairobi mwezi Agosti 1989, mbele ya Hakimu Joseph Mango. Mwezi huo huo George Adamson, mume wa Joy, aliuawa kwa risasi na majambazi huko Kora. Safari hiyo hakuna aliyejaribu kumtaja simba. Mahakamani Shaker aliulizwa juu ya maneno yake, Kaviti akaulizwa juu ya kalamu yake, askari wakaulizwa juu ya kambi zao. Oktoba 1989 Hakimu Mango alitoa uamuzi: Julie Ward hakuuawa na mnyama wala na radi, kulikuwa na mkono wa mtu.

Kwa baba ulikuwa ushindi, tena wa ajabu katika nchi ya chama kimoja ambayo hakimu wake alijua anakwenda kinyume na kauli ya polisi. Ward aliandika yaliyompata katika kitabu kilichotoka mwaka 1991. Jina la kitabu kwa Kiswahili ni sawa na kusema wanyama hawana hatia. Ila kumwondolea hatia simba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpata mwenye hatia, na kwa kazi hiyo Ward aliibishia hodi serikali yake hadi ikafungua. Mwaka 1990, kwa ridhaa ya Rais Daniel arap Moi, makachero wawili wa Scotland Yard walitua Kenya.

Walikuta nchi ina moto mwingine. Februari mwaka huo, Waziri wa Mambo ya Nje, Dk. Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru, na mwili wake ukakutwa umeungua katika kilima cha Got Alila, una jeraha la risasi na mguu uliovunjika. Hapo napo lilitolewa wazo la kwanza ambalo wananchi walilipokea kwa kicheko kichungu, kwamba amejiua. Kachero mwingine wa Scotland Yard, John Troon, alikuwa ameitwa kwa kesi hiyo. Kwa Mkenya wa kawaida, majivu ya Mara na majivu ya Got Alila yalikaa katika mazungumzo mamoja. Redio mbao ilifanya kazi usiku na mchana, majina makubwa yakapita midomoni. Sitayarudia hapa, kwa kuwa hayakuthibitishwa popote. Mwanazuoni wa Kenya, Grace Musila, ameandika kitabu kizima mwaka 2015 juu ya kifo cha Julie na tetesi zake, na jambo alilolifanya vizuri ni kukataa kuzidharau. Watu wanaoambiwa na serikali yao kwamba simba amewasha moto watatafuta habari mahali pengine.

Makachero wale wawili wa kesi ya Julie walielekeza macho kwenye kituo kidogo cha askari wa hifadhi cha Makari, kusini mwa Mara. Walikuta humo nywele walizodai zinafanana na za Julie, wakaandika taarifa, na askari vijana wawili wakafikishwa Mahakama Kuu kwa mashtaka ya mauaji. Majina yao yamechapishwa mara nyingi. Mimi nayaacha, kwa sababu mwaka 1992 Jaji Fidahussein Abdullah aliwaachia huru. Ushahidi ulikuwa wa kimazingira, nyuzi tu zisizofungana. Jaji akaongeza jambo lililouma zaidi kuliko kuachiwa kwenyewe: kwamba wapo wengine waliostahili kuchunguzwa na hawakuchunguzwa.

Baba akaanza upya. Hapa simulizi huwa linachosha, na sioni sababu ya kuficha kwamba linachosha: barua, miadi, safari, mawakili, mashahidi waliohama, majalada yaliyohamishwa. Kukatishwa tamaa hufanyika hivyo, kwa kuzungushwa zaidi kuliko kwa kukataliwa. Ward alizungushwa karibu miaka mitano. Mwaka 1997 polisi wa Kenya waliunda kikosi kipya cha upelelezi, na mwaka uliofuata akakamatwa aliyekuwa mkuu wa askari wa hifadhi wakati wa tukio.

Huyo ndiye aliyefika kwenye majivu siku ile ya Septemba. Maelezo yake yalikuwa kwamba aliongozwa na alama za matairi na tai waliokuwa pale. Upande wa mashtaka ulijiuliza iwapo mtu anaweza kufika moja kwa moja mahali padogo namna ile, katika pori kubwa namna ile, bila kupajua. Mtu wa Mikumi anaweza kubishana juu ya swali hilo hadi chai ipoe: askari mzoefu husoma tai kama sisi tunavyosoma saa. Na mahakama, ikiwa na swali kama hilo mkononi na majibu mawili yanayowezekana, haina ruhusa ya kuchagua lile linalompendeza aliyefiwa. Septemba 1999 Jaji Daniel Aganyanya alimwachia huru naye pia.

Miaka kumi na moja, kesi mbili, washtakiwa watatu, hakuna hatia. Nafikiri majaji wote wawili walifanya kazi yao. Kilichoharibika kiliharibika mapema zaidi, katika siku zile za kwanza ambazo majivu yalikuwa bado na habari ya kutoa. Nani alipita wapi, nani alikuwa zamu, gari gani lilitoka na mafuta kiasi gani, nguo za nani zilifuliwa: hayo huulizwa wiki ya kwanza au hayaulizwi tena. Wiki ya kwanza watu walikuwa wanabishana na simba.

Ward alianza kuitazama hata serikali yake kwa jicho hilo hilo. Aliituhumu kwamba maofisa wake walijua zaidi ya walivyosema na walijali uhusiano mwema na Nairobi kuliko roho ya binti yake. Polisi wa Lincolnshire wakapewa kazi ya kuupitia upelelezi wa Scotland Yard, wakaukuta na kasoro. Mwaka 2004 ukafanyika uchunguzi wa kifo Uingereza kwenyewe, mjini Ipswich, mbele ya Dk. Peter Dean. Uamuzi: Julie Ward aliuawa kinyume cha sheria. Ni kile kile alichokisema Hakimu Mango miaka 15 kabla, na napenda kulikumbusha hilo kwa sababu magazeti ya London yaliyasimulia mambo haya kana kwamba ukweli ulisubiri kuvuka bahari. Ukweli ulikuwa umeshasemwa Nairobi, na daktari wa Misri aliyeandika alichokiona, na hakimu wa Kenya aliyethubutu kumsikiliza.

Gharama nazo zinastahili kutajwa. Inakadiriwa John Ward alitumia karibu paundi milioni 2 katika safari hizo zaidi ya 100. Alikuwa na hoteli za kuuza, na pasipoti iliyofungua milango ya mawaziri. Miaka hiyo hiyo kulikuwa na wazazi wengine Kenya waliopoteza wana wao mikononi mwa watu wenye silaha, ambao nauli ya kwenda kuuliza kituo cha polisi ilikuwa ni kuku wa kuuzwa. Hata aliyekuwa na jina hakupona: J.M. Kariuki, mbunge, aliuawa Machi 1975 na mwili wake kukutwa na mchunga mifugo katika vilima vya Ngong, na familia yake haijawahi kumwona muuaji kizimbani. Silisemi hili kumpunguzia Ward. Nalisema kwa sababu ukaidi wake ulionyesha bei halisi ya kulipata jibu la swali moja tu, lile la kama binadamu alihusika, na bei hiyo ilikuwa juu ya uwezo wa karibu kila mtu aliyezikwa bila jibu katika nchi hizi.

Baadaye Scotland Yard walilifungua jalada tena na kurudi Kenya. Sayansi ya vinasaba ilikuwa imepiga hatua, na Ward, aliyekuwa sasa mzee, aliwasubiri kwa matumaini yale yale ya mwaka 1988. Rais Moi alifariki Februari 2020. John Ward mwenyewe alifariki mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 89. Kwa mauaji ya binti yake, hadi leo hakuna mtu hata mmoja aliyetiwa hatiani.